Jembe la Mwimbaji Mgeni Li Wapi?

Wahenga walituachia methali ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi huikariri: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu huifasiri kama onyo kwa mgeni mvivu anayejilaza kivulini huku wenyeji wakitoka jasho shambani. Tafsiri hiyo si mbaya, ila haijakamilika. Methali hii haisemi na mgeni. Inasema na mwenyeji, nayo inamwamuru: mpe. Mwenyeji anayemnyima mgeni jembe, kisha akamlaumu kwa kula bure, ndiye aliyevunja desturi.

Nimeikumbuka methali hii kwa sababu ya Kakuma, mji ulioko umbali wa kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lodwar katika kaunti ya Turkana. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, maelfu ya watoto wa kiume kutoka Sudan ya Kusini walipofika baada ya kutembea mamia ya kilomita, kwanza wakiingia Ethiopia, kisha wakifukuzwa huko na vita na kurudi walikotoka, hata wakavuka mpaka wa Kenya. Baada yao walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongomani, Warundi na wengineo. Leo Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei yana zaidi ya watu 300,000. Siku ya tatu ilipita zamani. Jembe li wapi?

Sizungumzii jembe la kulimia, maana ardhi ya Turkana haina mvua ya kutegemea. Kila mtu ana jembe lake. La fundi cherehani ni cherehani, la mwalimu ni chaki. La mwimbaji ni nini? Wengi watajibu upesi kwamba ni sauti. Jibu hilo ndilo ninalotaka kulipinga katika safu hii. Sauti ni shamba, si jembe. Jembe la mwimbaji aliye ugenini ni karatasi: kibali cha kusafiri, kitambulisho kinachokubalika benki, mkataba wenye jina lake na haki ya kulipwa wimbo wake unapochezwa. Asiye na karatasi hizo ana shamba asiloweza kulilima.

Wako ndugu wawili ambao maisha yao yanalifafanua jambo hili kuliko hoja yoyote ninayoweza kuitunga. Emmanuel Jal alizaliwa Sudan ya Kusini mnamo miaka ya 1980 hivi, akatiwa bunduki mkononi akiwa mtoto mdogo, akapigana vita vya watu wazima. Aliokolewa na Emma McCune, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi za misaada na ambaye alikuwa ameolewa na Riek Machar. Bibi huyo alimwingiza Kenya kisirisiri na kumpeleka Nairobi. McCune alifariki katika ajali ya gari jijini humo mnamo Novemba 1993, na mtoto yule akabaki ugenini akitegemea hisani ya watu. Alisoma, akaanza kuimba nyimbo za dini, na hatimaye akaimba juu ya vita na amani.

Wimbo wake uitwao Gua, neno ambalo kwa Kinuer maana yake ni amani, ulipendwa sana nchini Kenya mwaka 2005. Huo ndio mwaka ambao Mkataba wa Amani wa Sudan ulitiwa sahihi jijini Nairobi, tarehe 9 Januari. Mwaka huohuo alitoa albamu ya Ceasefire pamoja na Abdel Gadir Salim, mwanamuziki mkongwe wa kaskazini mwa Sudan. Zingatia, msomaji: mtoto wa kusini aliyekuwa askari na mzee Mwislamu wa kaskazini, katika santuri moja, wakati ambapo wanasiasa wa pande zote mbili walikuwa bado wakitazamana kwa shaka. Kisha njia ikafunguka. Alihamia London, akaimba mwaka 2008 katika sherehe ya kuadhimisha miaka 90 ya kuzaliwa kwa Nelson Mandela katika bustani ya Hyde Park, na baadaye akafanya maskani Toronto, Kanada.

Ndugu wa pili ni Nyaruach, dada yake. Naye ni mwimbaji, na sauti yake imo katika wimbo huohuo wa Gua. Mwaka 2018 ndugu hawa wawili walitoa albamu nzima pamoja, iitwayo Naath, jina ambalo Wanuer hujiita wenyewe. Wakati albamu hiyo ilipokuwa ikichezwa Ulaya na Amerika, kaka alikuwa akiishi Kanada. Dada alikuwa akiishi na watoto wake katika kambi ya Kakuma.

Sitaki kurahisisha maisha ya watu. Yako mengi yanayotenganisha safari za ndugu wawili, na vita huwatenda wasichana maovu ambayo si rahisi kuyasimulia gazetini. Hata hivyo, damu ni moja, lugha ni moja, wimbo ni mmoja. Mmoja alikulia Nairobi, penye studio, redio na watu wa kumwalika. Na hata huko alifika kwa mlango wa nyuma. Mwingine aliishi mahali ambapo kutoka kwenda Nairobi kunahitaji ruhusa. Tukisema kwamba kaka alifaulu kwa kuwa alikuwa na kipaji, tutaeleza vipi habari za dada?

Kabla sijaendelea na Kakuma, turudi nyuma kidogo tuone jinsi Kenya ilivyowahi kuwatendea wanamuziki wageni. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta faida ya kumpa mgeni jembe. Tumeicheza na kuiimba kwa nusu karne. Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, Tanzania, wakaingia Kenya mwaka 1971 na bendi iliyokuja kujulikana kama Simba Wanyika. Mwaka 1978 wenzao wakajitenga na kuanzisha Les Wanyika, bendi ya wimbo Sina Makosa ambao hadi leo hauna budi kuchezwa katika harusi za Mombasa, Nakuru na Kisumu. Mwaka 1976 Wakongomani waliotoka katika bendi ya Baba Gaston waliunda Les Mangelepa hapo hapo Nairobi. Mwaka 1977 alikuja Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, ambaye baadaye aliunda Orchestra Virunga.

Watu hawa walikuwa wageni. Wengi wao walijifunza Kiswahili chetu, wakakiimba kwa ufasaha ambao baadhi yetu wenyeji hatunao. Waliwapa kazi wapiga magitaa Wakenya, wenye vilabu, wachapishaji wa santuri na watangazaji wa redio. Je, walimnyang'anya Mkenya jembe lake? La. Walipanua shamba. Mkenya anayesema leo kuhusu enzi ya dhahabu ya muziki wa Nairobi anawataja wageni hao bila hata kukumbuka kwamba walikuwa wageni.

Na yafaa ifahamike pia kwamba hata wao walihangaishwa. Katika miaka ya 1980 suala la vibali vya kazi liliziyumbisha bendi nyingi za wageni. Wengine walirudi kwao na wengine wakatafuta nchi nyingine. Mapangala mwenyewe hatimaye alihamia Marekani. Tuliwapoteza wasanii tuliokuwa tumewalea, kisha tukaendelea kununua nyimbo zao kutoka mbali.

Mizani hii ina upande mwingine, maana Mkenya naye amewahi kuwa mgeni. Ayub Ogada, mzaliwa wa Mombasa, alikwenda Uingereza mwaka 1986 na nyatiti yake. Alipiga ala hiyo katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London, wapita njia wakimtupia sarafu. Huko ndiko alikosikika na kualikwa katika tamasha za kimataifa, na mwaka 1993 kampuni ya Real World ya Peter Gabriel ikatoa albamu yake ya En Mana Kuoyo. Wimbo wake wa Kothbiro ulitiwa katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, ambayo sehemu yake ilipigwa Loiyangalani, ng'ambo ya pili ya Ziwa Turkana. Hivyo nyatiti iliyoombewa sarafu London ilirudi kuliliza ziwa letu mbele ya ulimwengu mzima. Ogada alirejea nyumbani, akafariki mwaka 2019. Tulijivunia kuwa ni wetu. Je, tungejivunia nini kama Waingereza wangemwambia asitoke nje ya kambi bila ruhusa?

Mfano mwingine unatoka Australia. Gordon Koang, Mnuer aliyezaliwa kipofu, hupiga thom, ala ya nyuzi ambayo ni ndugu wa nyatiti. Alikwenda Australia mwaka 2013 kuwaimbia watu wa kwao, na vita vilivyozuka Sudan Kusini mwezi Desemba mwaka huohuo vikamfanya aombe hifadhi. Alisubiri kwa miaka mingi. Mwaka 2019 alipewa ukaazi wa kudumu, na mwaka 2020 akatoa albamu iitwayo Unity. Ukaazi haukumpa kipaji. Kipaji alikuja nacho. Ulimpa utulivu wa kukitumia.

Sasa turejee Turkana. Tuchukue mfano wa kufikiria tu. Msichana amezaliwa Kakuma na wazazi waliotoka Kongo. Amesoma katika shule ya kambini inayofuata mtaala wa Kenya, amefanya mitihani ya Kenya, anaimba wimbo wa taifa la Kenya kila asubuhi ya gwaride. Kiswahili chake ni cha kupigiwa mfano. Mwalimu wake wa muziki amemfunza kusoma noti, naye amepanda jukwaani katika tamasha za shule. Akiwa na umri wa miaka 19 anaalikwa kuimba Nairobi Jumamosi ijayo.

Kwanza, ni lazima aombe ruhusa ya kutoka, akieleza sababu na muda atakaokuwa nje. Ruhusa ikichelewa, Jumamosi haitamsubiri. Pili, mwenye ukumbi atataka kumlipa kwa simu au benki. Itategemea kama kitambulisho chake cha mkimbizi kitatambuliwa na karani aliyeko zamu. Tatu, mtayarishaji akitaka kumrekodi, mkataba utaandikwa kwa jina la nani? Aghalabu hutokea rafiki mwenye kitambulisho cha taifa, anayejitolea kutia jina lake kwa niaba. Leo ni rafiki. Wimbo ukivuma atakuwa ndiye mwenye wimbo.

Huyu si mvivu. Huyu ni mkulima aliyenyimwa jembe, akaambiwa alime kwa kucha.

Sheria inasemaje? Kenya ilijiunga na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi mnamo 1966. Kifungu cha 14 cha mkataba huo, ambacho ni nadra kutajwa, kinasema kwamba mkimbizi alindwe haki zake za kazi za fasihi na sanaa kama anavyolindwa raia wa nchi anamoishi. Nayo Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humpa mtungaji ulinzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wimbo wa mkimbizi, basi, si wa yatima. Una mwenyewe, na mwenyewe anatambuliwa na sheria.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwaka 2022, ilikwenda mbele zaidi. Inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa, kufanya biashara au kufuata taaluma, iwapo ana sifa zinazotambuliwa na mamlaka za Kenya. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini hapo ndipo mwalimu atakapouliza swali: mwimbaji ana cheti gani? Daktari ana shahada, fundi wa umeme ana hati. Ni ofisi gani itakayotia muhuri kwenye koo la mtu? Haki ikining'inizwa juu ya cheti, wale ambao kazi yao haina cheti hubaki wakiitazama tu. Isitoshe, sheria hiyohiyo bado inatambua maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya wakimbizi kuishi. Mtu anaweza kuwa na haki ya kufanya kazi na asiwe na njia ya kuifikia kazi yenyewe.

Mnamo Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab ziwe makazi ambamo wageni na wenyeji wataishi na kuhudumiwa pamoja. Jina ni zuri. Lakini neno shirika katika Kiswahili si jina tu; ni wajibu wa kushirikiana. Mpango huu utapimwa kwa swali dogo: je, msichana wetu wa mfano ataweza kupanda basi siku ya Ijumaa, aimbe Jumamosi, alipwe kwa jina lake, na arudi nyumbani Jumapili bila hofu?

Haraka ya jambo hili imeongezeka kwa sababu mbili. Kwa miaka mingi vijana wa Kakuma waliishi wakitazama mlango mmoja, yaani kupelekwa nchi za mbali. Kupitia mlango huo walitoka watu ambao dunia inawajua: mwanamitindo Halima Aden, aliyezaliwa Kakuma mwaka 1997, na mwanakandanda Awer Mabil, aliyezaliwa Kakuma mwaka 1995 na kuichezea timu ya taifa ya Australia. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na mlango ukabaki wazi kwa upana wa sindano. Sababu ya pili ni tumbo. Mwaka huohuo wa 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao kwa kukosa fedha, na Kakuma ikashuhudia maandamano ya watu wenye njaa. Mlango umefungwa na chungu kimepungua. Aliyebaki ni mwenyeji, na jembe mkononi mwake.

Najua pingamizi zitakazotolewa, nazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni usalama. Taifa lina haki ya kujua ni nani aliye ndani ya mipaka yake, na hakuna mwenye akili timamu atakayelikataa hilo. Hata hivyo, mtu aliyesajiliwa, aliyepigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole anajulikana zaidi kuliko wengi wetu. Anayejificha ndiye wa kuogopwa, na sheria ngumu kupita kiasi huzalisha wanaojificha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutoka kwa wenyeji wenyewe. Kijana wa Kiturkana atauliza: mimi ni Mkenya, sina studio, sina jukwaa, sina mdhamini, mbona mwanakumwacha mwanasafu hanililii mimi? Ni swali la haki. Turkana haikutengwa jana. Wakoloni waliifanya wilaya iliyofungwa, isiyoingiliwa bila kibali. Ndiko walikochagua kuwaficha watu waliowaogopa: Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung, naye akahamishiwa Lodwar mwaka 1959 na kukaa huko hadi 1961. Hata baada ya uhuru, msafiri aliyeelekea kusini kutoka kaskazini alizoea kusema kwamba anakwenda Kenya. Mwimbaji wa Lodwar anayekwenda kutafuta riziki Nairobi naye, kwa namna fulani, anakwenda nchi ya kigeni.

Basi tusiwapiganishe maskini wawili. Mturkana na mkimbizi wanakosa kitu kilekile kwa sababu tofauti. Mmoja ana kitambulisho lakini hana jukwaa. Mwingine ana majukwaa ya mashirika kila mwaka ifikapo tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, lakini hana kitambulisho cha kumfikisha jukwaa la pili. Wakiwekwa pamoja wanakamilishana. Na soko lipo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 na IFC, tawi la Benki ya Dunia, ulikadiria uchumi wa Kakuma kuwa wa thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka. Palipo na fedha za kununua sukari na simu, zipo pia za kununua tikiti ya kusikiliza muziki. Studio ikijengwa kati ya mji na kambi, itamfaa mwimbaji wa edonga na mwimbaji wa rumba kwa siku moja.

Tena Waturkana hawahitaji kufundishwa kwamba wimbo hauna pasipoti. Lugha yao inasikilizana na ya Wakaramojong wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia. Nchi nne, wimbo mmoja wa kumsifu fahali. Tamasha ya Tobong'u Lore, ambayo kaunti imekuwa ikiiandaa Lodwar, imekuwa ikiwaalika ndugu hao wavuke mipaka waje wacheze. Jina lake ni mwito wa kurudi nyumbani. Naipongeza kaunti kwa hilo, nami naongeza ombi moja: wale walioko Kakuma wasiitwe jukwaani kama pambo la ukarimu wetu. Waitwe kama wasanii, kwa mkataba na kwa malipo, sawa na wenyeji. Kumwalika mtu aimbe bila malipo na kumwita mgeni wa heshima ni kumpa sahani iliyopambwa isiyo na chakula.

Liko pia jambo la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi ilijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia ikakamilisha uanachama wake mwaka 2024. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya watu wa Kakuma leo ni raia wa nchi wanachama wa jumuiya ambayo Kenya ni mwanzilishi wake. Sheria ya 2021 yenyewe imewawekea njia ya kuchagua kutumia haki hizo za jumuiya badala ya hadhi ya ukimbizi. Njia hiyo si nyepesi, maana anayeivua hadhi ya ukimbizi anavua pia kinga yake, na wengi hawawezi kuthubutu. Lakini inatuonyesha kichekesho cha hali yetu. Bidhaa za Kampala na Bujumbura tumezifungulia mipaka, na mwana wa Bujumbura aliyekulia miongoni mwetu anahitaji ruhusa kufika Kitale.

Sasa niseme na walimu, maana ndio wasomaji wakuu wa ukurasa huu. Mashindano ya Muziki ya Kenya yameendelea tangu mwaka 1927. Kila mwaka mnawafunza watoto kusimama wima, kupumua vizuri na kutamka maneno kwa ufasaha. Ongezeni somo moja. Mfundisheni mtoto kuandika jina lake na tarehe juu ya wimbo alioutunga. Mwelezeni hakimiliki ni nini. Msomeeni mkataba mmoja, sentensi kwa sentensi, mpaka aelewe tofauti ya kuuza wimbo na kuukodisha. Msanii wengi wetu tunayemlilia kwa kufa maskini hakukosa mashabiki. Alitia sahihi asichokisoma. Kwa mtoto wa Kakuma somo hili ni la lazima maradufu, kwa kuwa atakutana na wengi wanaotaka kumsaidia kwa kutumia majina yao.

Nanyi wanafunzi, wa Lodwar na wa Kakuma, msidanganywe na simulizi la nyota aliyefaulu kwa sauti pekee. Simulizi hilo ni tamu lakini huacha nje watu waliomfungulia milango. Someni lugha. Jal aliimba kwa Kiingereza, Kiarabu, Kiswahili na lugha za kwao, na kila lugha ilimpa ukumbi mpya. Jihadharini pia na mtu anayewaahidi Ulaya kwa malipo ya awali. Karatasi halali hazinunuliwi gizani.

Kuna waandishi wa kigeni waliowahi kuueleza ulimwengu kwamba Kakuma kwa Kiswahili maana yake ni mahali pasipo popote. Mwanafunzi yeyote wa darasa la nne anajua kwamba neno hilo halimo katika Kiswahili wala halina maana hiyo. Lakini uongo huo umeenea kwa sababu unapendeza masikioni mwa wanaotaka kuamini kwamba watu hawa hawako mahali popote, na kwa hiyo hawamhusu mtu yeyote. Wako mahali. Wako Turkana, nchini Kenya, katika barabara ile ile ipitayo Lodwar, na watoto wao wanaimba kwa lugha yetu.

Mgeni huyu hakukaa siku mbili. Ameoa, amezaa, amezika, na watoto wake hawajui kwao kwingine. Haombi tumlimie, wala haombi tumpe shamba letu. Shamba lake amekuja nalo kifuani. Anaomba jembe tu, na methali zetu wenyewe zilikwisha kutuamuru tumpe.